Pointi Bubu

Kompyuta inakubali kila kitu.
Nimeburuta mstari kutoka Canora
hadi Kelowna kwa binti yetu, kilomita elfu moja mia tano na ushei,
ukapinda nilipoupinda,
uzi nyuma ya sindano.
Kisha nikachomeka waya,
nikahamisha faili kwenye kifaa cha Wasyl,
hicho kidude anachokipangusa kwa mkono wa shati
mara nyingi kuliko miwani yake,
nacho kikasema: Inakokotoa.
Kikakokotoa.
Kikanirudishia njia yake, si yangu.

Ilinichukua siku tatu kuelewa.
Mstari hausafiri. Zinazosafiri ni pointi,
mbegu ndani ya bahasha,
na huko ziendako kuna ramani nyingine, kuukuu kuliko yangu,
inaziunganisha ipendavyo:
penye lami, pafupi, pasipo na kumbukumbu ya mtu.

Tena nilikuwa nimeweka hamsini na mbili.
Kifaa kinabeba thelathini.
Basi nikaanza kupunguza,
chai imepoa, theluji ya Aprili haijaamua kuondoka.
Nikafuta kituo cha mafuta cha Wadena.
Nikafuta hoteli tuliyoumwa na kunguni mwaka wa harusi ya Larysa.
Nikafuta maporomoko, nikafuta daraja la kupigia picha,
milima yote ya Rocky nikaiachia pointi nne.
Moja sikuigusa.

Iko kusini mwa Kuroki, maili mbili za changarawe,
penye ghala jekundu lililoinama upande:
kwa Petro.
Wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime.
Nimelima miaka kumi na tisa.
Kipande cha shamba la ngano, wosia usio na tarehe,
neno moja lililotoka kaburini kwa baba yao, udongo bado mbichi,
na hakuna aliyeweza kulirudisha mdomoni.
Nimelima. Kapu liko palepale msumarini.

Wasyl si kiziwi.
Ila miaka arobaini na moja nimekaa kulia kwake nikisema kushoto,
naye akienda mbele.
Lakini yule mwanamke wa ndani ya kifaa,
asiyejua njaa wala haja ndogo,
akisema geuka, anageuka.
Siku alipompeleka hadi ukingo wa ziwa lililoganda
Wasyl alizima injini
na kumwomba radhi yeye.

Nikaondoa alama ya tiki kwenye “Epuka changarawe”.
Pointi ya Petro nikaifanya bubu:
haina bendera, haipigi kengele, haitangazwi ukifika,
kazi yake ni kuvuta njia tu
kama mtu avutavyo blanketi usiku mwenzake amelala.
Sikuipa jina. Niliandika B17.
Nikachomoa waya kwa adabu zake zote.

Alhamisi, saa mbili kasoro robo asubuhi,
hatujamaliza hata chupa ya kwanza ya kahawa.
“Baada ya mita mia tatu, geuka kushoto.”

Wasyl akapunguza mwendo.
Akatazama skrini. Akatazama barabara:
matope, nyaya, sanduku la barua lenye rangi
aliyoipaka mwenyewe akiwa kijana.
“Mashine imekosea,” akasema.

Mimi nilikuwa namenya yai.
Nikaendelea kumenya, vipande vidogovidogo,
magamba yakiniangukia kwenye sketi.
“Labda,” nikasema.

Gari halikusimama wala halikwenda.
Mkono wake ukatoka kwenye usukani, ukarudi,
ukatoka tena, na taa ya kugeukia ikaanza,
tik, tik, tik,
na yule mwanamke akarudia, bila hasira, bila kuchoka,
jinsi nisivyoweza mimi:
geuka kushoto.

Nyuma yetu lori la ngano likapiga honi.