Jiwe la Kulia

Roboti yetu haikujua kulia.
Kila tukiiwasha, kushoto, kushoto,
mpaka pua ya bati igonge ukuta wa maabara.

Mota moja ya waipa, tuliinunua gereji, Mabatini;
ya pili Masalu aliinyofoa kwenye feni ya kuchaji ya mama yake,
akalipa kwa kuchota maji Oktoba nzima.
Moja inajivuta, nyingine ina pupa.

Usiku wa mwisho umeme ukakatika.
Nyanjige, tochi mdomoni,
akabadili namba, akabadili tena,
betri ikabaki robo.
Akakaa sakafuni.
Yeye alijua kulia.

Alfajiri akapanda majabali nyuma ya bweni,
akashuka na jiwe, kama yai la kanga.
Tukalifunga kwa mpira wa baiskeli
juu ya gurudumu lenye pupa.

Kirumba, jaji akainama, miwani puani:
"Kifaa hiki kinaitwaje?"
"Jiwe."
"Kazi yake?"
"Kumwambia mwenye pupa amngoje mwenzake."
Jaji akaandika. Akafuta. Akaandika.

Tulikuwa wa sita.
Feni imerudishiwa mota,
ila mama Masalu anasema
siku hizi inapuliza kushoto.