Kumi na Tatu si Nusu Inchi

Kwa lugha yetu, huku Tacuarembó,
spana na ufunguo ni neno moja.
Belarmina Techera hakuwahi kulieleza hilo.
Alifungua tu sanduku lake la bati
akasema: anza kwa kuujua mlango.

Julai ile jalidi ililala juu ya nyasi
kama chumvi ya mpishi asiye na mkono.
Kinu cha upepo cha Irigaray kimekwama,
mapanga yamesimama, hori limekauka,
na kondoo mia mbili wakitutazama
kwa ile subira inayomtia mtu haraka.

Nilikuwa na miaka kumi na saba
na mikono iliyojua kila kitu.
Nikapanda ngazi na spana moja mfukoni,
milimita kumi na tatu, mpya, inang'aa,
zawadi ya mjomba.
Nati ilikuwa ya nusu inchi:
kinu kilikuja kwa meli, zamani, kutoka nchi
inayoipima dunia kwa kidole gumba.

Spana ikaingia. Ikakaa. Karibu sawa.
Kati ya chuma na chuma palibaki uwazi
mwembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga,
nami nikasema moyoni: nani atauona?

Nati iliuona.

Nilisukuma, sikuvuta, nilisukuma,
na pembe sita zikawa nne, zikawa mbili,
zikawa duara, laini kama peremende iliyonyonywa.
Spana ikaruka.
Ngozi ya vidole vitatu ikabaki kule juu
imeganda kwenye baridi ya chuma.

Belarmina akapanda polepole, magoti yakilalamika.
Hakuuliza lililotokea. Aliipapasa nati
kama mkunga anavyopapasa tumbo,
akasema, "Nani kaitafuna hii?"

Aliyonifunza siku ile
huyasema mwenyewe hata leo, nikiwa peke yangu:
mafuta kwanza, tone, halafu tone,
kisha ushuke ukanywe majani machungu
kibuyu mkononi, mrija wa chuma mdomoni,
maana kutu haisikii amri, husikia muda.
Halafu nyundo ndogo, ubavuni, bila hasira,
kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa.
Halafu soketi ya kumi na mbili, iliyo ndogo mno,
igongwe mpaka imeze kile ulichobakisha.
Na uvute. Vuta kuelekea kifuani,
ili ikiponyoka ngumi yako ipate hewa.
Ile spana malaya, yenye taya linalokubali kila kichwa?
Waachie wafunga mageti.

Nati ikalia mara moja,
sauti ya mbwa anayeota,
ikaachia.

Nilidhani kazi imekwisha.
Nikaitia nati mpya, nikaikaza kwa kisasi,
vidonda vinatoka damu, meno yameumana,
mpaka akanishika kiwiko.
"Kulegeza kunataka nguvu," akasema.
"Kukaza kunataka haya.
Kwa vidole, mpaka ikae.
Kwa spana, mpaka inyamaze.
Kisha robo ya mzunguko, uache.
Bolti nayo ina shingo, kijana."

Safari hii alinipa nusu inchi yake,
nyeusi, mpini umelika mahali pa kidole chake.
Iliikumbatia nati bila kucheza hata chembe.
Sikujua mpaka hapo kwamba chuma
kinaweza kushika kitu bila kukiumiza.

Maji yalifika hori usiku.
Kondoo walikunywa, hawakumshukuru mtu.
Belarmina alihesabu zana zake gizani, kwa kugusa,
moja moja, zikirudi sandukuni.
Zake zote zilikuwepo.
Yangu ndiyo haikuonekana.

Kumi na tatu ile ipo juu mpaka leo, nadhani,
kwenye ubao wa jukwaa, chini ya mkia wa kinu.
Upepo wa kusini ukivuma, Irigaray anasema,
kuna kitu kinagonga kule, hakipati usingizi.
Namwambia ni kinu tu.
Sijapanda kuangalia.