Zebaki

Saa nane usiku, Oulu, na nje baridi inapasua mbao.
Terhi ameketi juu ya shimo, nyuma ya kioo kinene,
akizamisha makucha ya kreni katika taka za mji mzima:
nepi, maganda ya viazi, mti wa Krismasi uliopukutika,
skii moja isiyo na mwenzake.
Anachota, anainua, anaachia, anachanganya.
Godoro lililolowa lisiende motoni peke yake;
moto ukishtuliwa hupoa,
na ukipoa hutema usichotaka kukivuta.

Watu husema: nimeshatupa.
Umetupa wapi? Viko hapa.

Jumanne alifunga nyumba ya babake.
Mzee Kalervo hakuacha deni wala shamba,
aliacha droo.
Mifuko kumi na mmoja, Terhi akaishusha ngazi mwenyewe.
Hakuchambua. Yeye,
ambaye huwaambia watoto wa shule wakija kutembelea:
betri kando, dawa kando.

Saa nane na dakika kumi na saba redio inakohoa.
Ni Jouko, chumba cha mitambo:
"Zebaki imepanda. Umeona nini humo?"
Ameona nini? Mifuko myeusi, yote imevaa sare.

Lakini kwapa lake limekumbuka
kijiti cha kioo, ubaridi wake,
miaka sita, surua, baba ukingoni mwa kitanda
akihesabu dakika kwa saa ya mkononi,
kisha akikigeuzageuza kwenye mwanga wa taa
kuutafuta ule uzi wa fedha.
"Thelathini na tisa,"
kama mtu anayesoma bei asiyoimudu.

Kilikuwa droo ipi?

Jouko anapuliza unga wa makaa ndani ya moshi,
unga mweusi unaoikamata zebaki na kutoiachia
hadi kwenye mifuko mirefu ya kuchujia.
Huko, pamoja na chokaa na majivu mepesi,
itafungwa, itapigwa muhuri,
itapelekwa mahali pasipo na wa kuiamsha.
Mstari kwenye kioo unapanda, unasita,
unateremka, homa inayomtoka mtu alfajiri.

Dakika kumi na mbili. Lazima ziandikwe.
Kesho namba itabandikwa langoni,
na yule mwalimu mstaafu wa ng'ambo atapiga simu,
kama kawaida yake, na ana haki.

Terhi anafungua daftari la zamu.
Chanzo: hakijulikani.
Anayatazama maneno hayo. Anayakata.
Chanzo: huenda ni mimi.

Ng'ambo ya mto, ghorofa ya tatu,
wapangaji wapya wameanika soksi za mtoto juu ya rejeta.
Maji ya moto yanapita bombani, yakigonga mara mbili, kimya, mara moja,
kama yalivyomgongea Kalervo kila majira ya baridi.
Mtoto anajigeuza usingizini.
Soksi zinakaribia kukauka.