Kimepungua Kimoja

Nyemo, binti Chidawali,
nimevihesabu miaka kumi na tisa hapa zahanati ya Mlali:
vilivyojaa kushoto, vitupu kulia,
kilichovunjika kinaombewa sahihi mbili,
kisha shimoni, nyuma ya tangi la maji.
Leo ndiyo mara ya kwanza nakiona kimoja.

Umekichora mgongoni mwa kalenda ya mwaka juzi
kwa penseli iliyobaki urefu wa kidole gumba,
na raba, usinifiche, ni kipande cha kandambili:
harufu yake ingali kwenye karatasi.

Kichupa cha sindano. Hakijazi kiganja.
Kizibo cha mpira, na juu yake nukta,
nukta moja tu, pale sindano ilipopita.
Mdomoni kimemeguka, kidogo mno:
nilipitisha ukucha nikitafuta pengo
nikakwaruza karatasi.

Ulikisimamisha juu ya daftari la hesabu, naona.
Miraba inakuja imenyooka, kwa adabu,
ikifika nyuma ya kioo inavimba,
inapinda mgongo, inapandiana,
halafu inatokea upande wa pili
kana kwamba hakuna lililotokea.
Basi kioo chenyewe kiko wapi?
Nimeutafuta mstari wake sikuupata.
Umechora kila kinachokipitia,
chenyewe kikajileta.

Na ule mwanga begani hukuuchora.
Umeuacha.
Karatasi tupu, punje moja ya uwele,
na penseli yote imekaa pembeni ikiuchunga.
Mimi ningeijaza.
Ndiyo maana nimekuwa karani wa stoo.

Chini kabisa kuna tone.
Sikuulizi ni dozi ya nani iliyobakia.
Mama yako nilimwona Jumapili akipepeta mtama,
vumbi la makapi likimpanda hadi kwenye nyusi,
na alikohoa mara moja tu. Nilihesabu.

Sasa kuhusu daftari langu mimi.
Jumanne iliyopita kilipungua kimoja kitupu.
Nikaandika "kimevunjika",
nikasaini, mganga akasaini,
hatukutazamana.
Kirudishe kesho. Ni taka ya hospitali, si cha kuweka dirishani.
Mchoro niachie, hata wiki moja.

Kuna mraba, wa tatu kutoka chini,
umesahau kuupinda.
Usiuguse.