Maji Kutoa Maji

Masika yalilimeza shimo letu la mawe, hapa Ole,
na nyundo yangu chini kabisa, mpini wa mpera.
Siku tisa wana wa Mwanakombo waliteka,
mia kwa ndoo,
na usiku shimo likajaa tena, kama deni la dukani.

Ndipo akaja Ngwali, fundi baiskeli,
na gurudumu la mbao lililopigiliwa makopo ya samli,
mnyororo wa marehemu fulani, bomba,
na vali aliyoikata kwenye makubadhi ya babu yake.

Babu huyo alipakia makaa ya mawe melini, Unguja.
Mabaharia walimsimulia machimbo ya kwao,
zamani, kabla ya mvuke:
mto wa juu husukuma, maji ya chini hupanda.
Tulicheka. Makaa ya mawe, Pemba?

Akalitega kijitoni.
Likazunguka, likakohoa, likanyamaza.
Akalipaka mafuta ya nazi.
Likakohoa tena,
na bomba likatapika tope.

Ijumaa niliiona nyundo yangu,
kichwa kutu, mpini umevimba.
Wana wa Mwanakombo walikuwa ukingoni,
ndoo wamezifudikiza, wamezikalia.
Nani awalipe kwa maji yanayojibeba?

"Kiangazi kijito kitakauka," alisema mkubwa wao,
"na hilo dude lako litalala."
Ngwali hakuinua uso.
"Kiangazi hata shimo litakuwa kavu."

Hakuna aliyecheka.
Nikashuka, nikagonga jiwe la kwanza.
Lilikuwa bado linatoka jasho.