Ikisimama

Ikikimbia haina neno.
Daraja la Sabaki inalivuka kama imeitwa,
kreti kumi na nne za mikate nyuma,
vioo wazi, nami nimenyamaza.
Ni ikisimama.
Mambrui, duka la kwanza, kwa Shee Lali,
nikiweka gia huru, mguu nikiutoa,
inaanza kutetemeka kama mwenye homa ya usiku:
dashibodi inagonga, tasbihi kwenye kioo inacheza,
sindano inashuka, inapanda, inashuka,
kisha kimya.
Na Shee Lali, kalamu sikioni:
"Mama Mikate, leo tena?"

Fundi wa kwanza alisema koili.
Nikanunua koili.
Wa pili, yule wa karibu na stendi, aliinama akasikiliza
kama daktari anayejua utalipa,
akasema pampu, elfu nane, ya Dubai.
Wa tatu alisema, "Uza."
Nikamwuliza bei, akanitajia bei ya kuku wawili.
Kumbe mnunuzi ndiye yeye.

Basi Jumapili, baada ya adhuhuri,
nyuma ya nyumba, Barani,
nilifungua boneti mwenyewe.
Miaka sita nimesimama kando mafundi wakifanya kazi
nikijifanya nasoma simu.
Macho hayana pazia.

Spana namba kumi. Bisibisi ya nyota.
Klipu ya mpira wa hewa ilinikata kidole,
nikafyonza damu, nikaendelea.
Kichujio nilikipiga mgongo kwenye ngazi:
kikatema vumbi jeupe la Gongoni, lenye chumvi,
na vumbi jekundu la Ganda,
njia zangu zote za mwaka mzima
zimelala sakafuni, zangoja ufagio.

Ndani ya koo la injini kuna kipepeo cha shaba.
Kinafunguka, kinajifunga, ndiyo kazi yake,
kuipimia injini pumzi.
Changu kilikuwa cheusi. Ukingoni
masizi yameganda kama ukoko wa sufuria ya harusi,
ule unaolowekwa siku mbili
na bado kuna mtu anaomba kijiko.
Nikapulizia dawa. Nikasugua kwa mswaki wa Fumo,
aliouacha alipokwenda Nairobi na kununua mwingine.
Dawa, mswaki, tambara. Tambara jingine.
Bi Nuru alichungulia juu ya ua:
"Na ukivunja?"
"Imeshavunjika, Bi. Mimi naiosha tu."

Nikafunga. Nikageuza ufunguo.
Haikunguruma, ilipiga ukelele,
sindano elfu mbili, haishuki,
kuku wa Bi Nuru wakaruka ukuta.
Nikadhani nimeiua.

Ndipo nikakumbuka neno la Tsofa,
akimwambia mteja mwingine, si mimi:
imezoea kubanwa, hiyo.
Imejifunza kuvuta kwa nguvu penye tundu dogo.
Leo tundu liko wazi, nayo inavuta vilevile.
Usiizime. Iache ijifunze.

Nikaketi ndani, mlango wazi,
mikono inanuka petroli.
Sikugusa kitu.
Deni la mwisho nililimaliza mwezi wa tatu,
karatasi ninayo, ina muhuri,
na mpaka leo simu ikilia tumbo linanikaza.
Nikaitazama sindano. Haikuwa na haraka.
Elfu na mia nane.
Elfu na mia nne.
Bi Nuru akaleta chai ya tangawizi, hakusema neno,
akaegemea mlango.
Elfu. Mia tisa.
Mia saba, hapo ikakaa.
Tasbihi ikaacha kucheza.

Jumatatu, kwa Shee Lali, nilishuka na kreti ya kwanza,
nikaenda nayo mpaka mlangoni,
ufunguo umebaki ndani, injini inanong'ona barabarani.
Akainua kichwa.
"Leo hujazimikiwa?"
Nikamwambia ahesabu mikate.