Mizani ya Nyamirembe

Mizani bado iko gatini.
Sindano imeganda kwenye arobaini na moja:
pamba ya nani, hakuna akumbukaye.

Meli ilikuja Alhamisi.
Mji mzima ulivaa viatu,
hata mbuzi wa Lushinge waliijua honi.

Ghala likawa kanisa,
kanisa likahama, wakaja wachuuzi wa dagaa,
kisha popo, nao hawajaaga.
Gugu maji limetandika kitanda
zilipofungwa kamba.

Kabula anauza vocha kwenye dirisha la tiketi.
Ukimuuliza meli itarudi lini
anakuhesabia chenji.

Ila Alhamisi nilimwona
akivua kandambili, akapanda mizani,
akakaza macho kwenye sindano.
Arobaini na moja.
"Sijanenepa," alisema,
akashuka taratibu,
asije akaamsha mtu.